Kusafisha hedi ya 1NZ-FE kabla ya kuirudisha: grainda, kostiki au mkono?

kijana_wa_ist

Wakuu, habari za kazi. Naomba mwongozo.

Gari ni Toyota IST, injini 1NZ-FE ya cc 1,497. Ilikuwa inapunguza maji bila kuvuja chini, asubuhi inawaka kwa kukohoa, na ukifungua kifuniko cha rejeta ikiwa baridi kisha ukawasha, unaona mapovu. Tumefungua, gasketi imeungua kati ya silinda ya 2 na ya 3. Hedi (kichwa cha injini) iko mezani. Uso wake umegandiwa na mabaki meusi ya gasketi ya zamani, vyumba vya mwako vina masizi mazito, na kuzunguka matundu ya maji kuna ukoga mweupe na vishimo vidogo.

Mafundi wawili wamenipa maneno mawili. Mmoja anataka kuipitisha diski ya sponji ya msasa kwenye grainda ya hewa, anasema dakika kumi inang'aa. Wa pili anasema nimpelekee aichovye kwenye tanki la kostiki (soda kali) usiku kucha, itoke nyeupe. Gasketi mpya ya tabaka za chuma ninayo, na boliti mpya 10 ninazo.

Je, nifuate lipi? Nifungue valvu zote au nisafishe zikiwa ndani? Na ni lazima kuiskimu (kunyoosha uso wake kwa mashine) au naweza kuirudisha hivi hivi ikishakuwa safi?

---

mzee_wa_spana

Mkuu, usifuate hata moja kati ya hayo mawili. Anza kwa kumzuia huyo wa grainda.

Diski zile ni nyuzi za nailoni zilizopakwa chembe za oksaidi ya alumini, ambazo ni ngumu kuliko chuma cha kranki yako. Zinaleta hasara mbili kwa mpigo. Ya kwanza unaweza kuipima: alumini ni laini, na diski inayozunguka kwa kasi haijui kuacha pale uchafu unapoisha. Inakula zaidi palipo laini na kingo za matundu, ikiacha mabonde ya sehemu za mia za milimita ambayo jicho halioni. Gasketi ya tabaka za chuma haina unene wa kujaza bonde kama zile za zamani za nyuzi. Kwa hiyo uso unaong'aa kwa grainda unaweza kuvuja mapema kuliko uso wenye madoa ulio bapa.

Hasara ya pili ndiyo inayoua injini. Diski ikisagika inamwaga chembe zake pamoja na vumbi la alumini. Zinaingia kwenye njia za oili, kwenye matundu ya kurudisha oili, na zikipigwa kwenye bloku zinazama kwenye mitungi na kwenye upenyo wa cheni ya taiming. Zinazoanguka chini zinafika kwenye kateri ya oili, pampu inazinyonya, na injini ikiwa baridi valvu ya kupita pembeni ya filta inaweza kufunguka zikapita moja kwa moja hadi beringi za kranki. Zilizobaki ndani ya njia za hedi ni mbaya zaidi kwa sababu ziko upande wa baada ya filta tayari, hakuna kitu cha kuzichuja. Kwenye 1NZ-FE kemshafti (mhimili unaofungua valvu) inazunguka juu ya alumini ya hedi yenyewe, haina vikombe vya beringi. Ikichubuka pale, umechubua hedi. General Motors waliwahi kuwatolea mafundi wao waraka wa huduma wa kuwaonya juu ya diski hizi hizi, kwa sababu injini zilikuwa zinarudi na beringi zilizoliwa muda mfupi baada ya kazi ya gasketi.

Pedi za kijani za kusugulia sufuria ni ndugu zake. Nazo zina chembe za kusaga, usizitumie.

Sasa kazi yenyewe. Kabla hujaosha chochote, soma. Laza gasketi ya zamani kando ya hedi na uzipige picha zote mbili, uso mzima, kwenye mwanga wa pembeni. Palipopitisha gesi pana mchirizi mweusi unaotoka kwenye pete ya silinda. Palipopitisha maji pana kutu au chumba cha mwako kilichooshwa kikawa kisafi kuliko vingine. Ukishasafisha, ushahidi huo umepotea, na ndio utakaokuonyesha mahali pa kupima kwa umakini zaidi. Kwako ni kati ya 2 na 3.

Kisha ziba. Weka vitambaa vya pamba visivyochambuka kwenye milango ya kuingiza na kutoa, karatasi iliyosokotwa kwenye kila tundu la oili, plagi za zamani kwenye matundu yake. Hesabu ulichoziba na uandike, ili uhesabu tena wakati wa kutoa.

Mabaki ya gasketi: pulizia dawa ya kuyeyusha gasketi, subiri dakika 10 hadi 15, usiiache ikauke. Vaa glavu na miwani, dawa hiyo inaunguza ngozi. Kisha kwangua kwa kikwaruzo cha plastiki ngumu. Hakuna? Kipande cha mbao ngumu kilichochongwa kama patasi kinafanya kazi vizuri. Sehemu sugu, wembe mpya ulioshikwa karibu kulala, kama nyuzi 15 hivi, ukisukumwa mbele kwa urefu wa hedi. Ukiusimamisha unachimba. Mstari mmoja unaovuka kutoka tundu la maji hadi pete ya silinda unatosha kuharibu kazi yote. Rudia dawa mara mbili au tatu badala ya kuongeza nguvu. Inaweza kuchukua saa mbili, na saa mbili hizo ni za haki kabisa.

Bisibisi na patasi ya chuma visikaribie pale.

---

probox_254

Mambo vipi wakubwa. Huku Nairobi hedi za dizeli za zamani tunazitia kwenye kostiki moto na zinatoka safi mpaka ndani ya njia za maji. Mbona mnamkataza jamaa? Si ni kuiosha tu vizuri baadaye?

---

mkereza_gerezani

Kaka wa Nairobi, hedi unazozisema, kwa mfano ya 1HZ ya Land Cruiser, ni chuma cha kutupwa. Kostiki inakula grisi, rangi na masizi, chuma inakiacha. Hedi ya 1NZ-FE ni alumini, na kostiki inakula alumini yenyewe. Ukiichovya unaona inachemka mapovu: hayo ni haidrojeni, gesi inayowaka, na kila povu limebeba alumini ya hedi yako. Uso unageuka mweusi au kijivu, unapata vinyweleo, vipenyo vya tapeti (vikombe vinavyokaa kati ya kemshafti na valvu) na vya kemshafti vinapanuka. Vikalio vya valvu ni vya chuma kwa hiyo vinabaki, lakini alumini inayovishikilia inaliwa pembeni, na kikalio kinaweza kulegea injini ikipata moto. Kuiosha baadaye hakurudishi kilicholiwa.

Asidi ya kusafishia vyoo nayo ni hivyo hivyo. Watu huimwaga kwenye njia za maji ili kutoa kutu, inatoa kutu na inatoa hedi.

Kwa alumini, tumia mafuta ya taa au dizeli kulainisha grisi, kisha sabuni ya maji kwenye maji ya moto ya kama nyuzi 60, na brashi za nailoni. Usitumie petroli. Mvuke wake unatambaa chini mpaka kwenye jiko la jirani. Kama kuna karakana yenye mashine ya kuoshea vyuma yenye sabuni maalumu ya alumini, nenda huko, na uliza neno hilo moja kabla hujawakabidhi: sabuni ni ya alumini?

Kuhusu kupuliza mchanga au shanga za kioo, mimi sipokei hedi ya kurudishwa injini moja kwa moja kutoka huko. Shanga zinanasa kwenye kona za njia za oili na kwenye nyuzi za boliti, na zinatoka injini ikipata moto. Kama ni lazima kupuliza, iwe soda ile ya kupikia, kwa sababu mabaki yake yanayeyuka kwenye maji.

Na hili watu wengi hawalijui. Kama hedi itakwenda kuchomelewa vishimo, usiisafishe kwa dawa ya breki yenye klorini. Ikibaki kwenye kona na ikakutana na moto wa kuchomelea, inatoa gesi ya fosjini, ambayo inaharibu mapafu hata kwa kiasi kidogo. Soma kopo. Chukua ile isiyo na klorini, au tumia asetoni na uiache ikauke kabisa mahali penye hewa.

---

dada_fundi_tanga

Kijana, umeuliza kuhusu valvu. Jibu langu ni kwamba ufanye hatua mbili: safisha vyumba vya mwako valvu zikiwa zimefungwa, halafu zifungue.

Sababu ni kwamba valvu zikiwa zimekaa zinalinda vikalio. Loweka masizi kwa dawa ya kusafishia kabureta nusu saa, futa, rudia. Kisha brashi ya shaba nyeupe kwenye drili, mwendo wa polepole. Si brashi ya waya wa chuma: inachora alumini, na nyaya zake zinakatika na kujificha kwenye njia ya hewa. Usitafute kung'arisha chumba kama kioo. Unachotaka ni kutoa tabaka gumu la masizi, kwa sababu likibaki linashika moto na kuwasha mchanganyiko kabla ya plagi. Doa la kahawia halina madhara yoyote.

Halafu fungua. Hapo kwenye 1NZ-FE kuna mtego. Tapeti zake 16 hazina vipande vya kurekebishia, unene wa tapeti yenyewe ndio uliochaguliwa kiwandani kwa kila valvu. Ukizichanganya, nafasi za valvu zote zimevurugika na utalazimika kupima na kununua tapeti moja moja. Chukua trei ya mayai au ubao wenye matundu, andika silinda ya 1 hadi ya 4, upande wa kuingiza na upande wa kutoa, na kila valvu ikae na tapeti yake, springi yake na vile vikufuli viwili vidogo. Tapeti zitoe kwa sumaku au kwa vidole, si kwa koleo. Vifuniko vya kemshafti navyo vina namba na mshale, vilitobolewa pamoja na hedi hii, haviingiliani hata ndani ya hedi hiyo hiyo.

Sili za valvu badilisha zote 16 ukiwa umefika hapo. Za kuingiza na za kutoa si aina moja, tenganisha kwenye pakiti. Zipake oili, zisukume kwa soketi inayozikaa vizuri, usigonge.

Shina la valvu safisha kwa brashi laini na dawa, uso unaokalia usiuguse kwa waya. Saga valvu kwa pesti laini tu, mkono mwepesi, mpaka upate pete moja ya kijivu isiyokatika. Pesti ni mchanga vilevile, kwa hiyo baada ya kusaga, gaidi za valvu (mirija ambamo shina la valvu hupita) zinapigwa brashi ya nailoni yenye sabuni na maji ya moto, kila moja, mpaka kitambaa cheupe kinachopitishwa ndani kitoke cheupe.

Njia za oili ndizo ninazoziona zikisahauliwa zaidi. Fungua boliti inayofunga kichujio kidogo cha wavu cha VVT-i (mfumo unaobadilisha taiming ya valvu) pale kwenye hedi, karibu na valvu ya kudhibiti oili, kitoe, kioshe kwa dawa ya kabureta. Kama wavu umetoboka nunua kingine. Hedi iliyopitia maji kwenye oili mara nyingi ina uji wa rangi ya maziwa pale ndani, na ukiuacha kemshafti ya kuingiza haitarudi inapotakiwa, gari litawasha taa ya injini na kusumbua sailensa (mzunguko wa injini gari likiwa limesimama). Kisha pitisha brashi ndefu kwenye kila njia ya oili, sabuni, maji ya moto, hewa ya kompresa kutoka pande zote mbili. Ukipuliza tundu moja, weka kidole kwenye linalofuatana nalo uhisi hewa. Usipoihisi, njia imeziba.

Maliza kwa hewa mpaka pakauke, na hapo hapo pulizia oili nyembamba kwenye vikalio na gaidi. Ni chuma, na kwa unyevu wa huku pwani vinashika kutu ndani ya usiku mmoja.

---

mkereza_gerezani

Dada amemaliza upande huo. Mimi niseme la kupima, kwa sababu "safi" na "bapa" ni vitu viwili.

Unahitaji rula ya chuma iliyosawazishwa, si ya shuleni, na fila geji (vibapa vyembamba vya kupimia pengo). Pima mistari sita: mbili kwa urefu kandokando, mbili za mshazari kutoka kona hadi kona, na mbili za kukata upana pale mwishoni. Ongeza wewe mwenyewe mstari wa katikati ya silinda ya 2 na 3, kwa sababu ndiko kulikoungua. Kikomo cha Toyota kwa uso wa chini wa hedi ya 1NZ-FE ni mm 0.05. Kwa maneno ya mezani: ubapa wa fila wa 0.05 ukipita chini ya rula popote, hedi inakwenda mashine. Pima hedi ikiwa baridi kabisa, imekaa juu ya mbao mbili, si baada tu ya kutoka kwenye maji ya moto.

Kabla ya kuiskimu, funga vifuniko vya kemshafti bila tapeti, na kemshafti zake zikiwa na oili, uzizungushe kwa mkono. Zikizunguka bila kukwama, mstari wa vipenyo bado umenyooka. Zikikwama, hedi imepinda mwili mzima, na kuiskimu chini kutanyoosha uso tu huku kemshafti ikibaki kwenye njia iliyopinda. Hedi kama hiyo aidha inyooshwe kwa joto na mtu anayeijua kazi hiyo, au utafute nyingine.

Vishimo kuzunguka matundu ya maji vinatokana na kutumia maji matupu ya bomba au kisima badala ya kulanti (maji maalumu ya rejeta). Angalia umbali wake. Kishimo kilicho ndani ya eneo lisilobanwa na gasketi hakina neno. Kilichofika kwenye mstari wa kubana wa gasketi au karibu na pete ya silinda kinahitaji kuchomelewa kwa alumini kisha kuskimu. Gundi za chuma hazidumu pale, joto na mgandamizo vinaziondoa.

Na kabla hujalipia kuskimu, lipia kupimwa ufa. Hedi iliyochemsha hupasuka kati ya vikalio vya valvu au kati ya kikalio na tundu la plagi. Njia nzuri ni kuziba njia za maji, kuingiza hewa na kuizamisha kwenye maji ya moto, kwa sababu ufa mwingine hufunguka kwa joto tu. Rangi ya kupenya inasaidia pia, lakini inaonyesha ufa ulio juu tu.

---

kijana_wa_ist

Asanteni sana wakuu, nimekaa na hedi. Mabaki yametoka kwa dawa na plastiki. Nimepima: pembeni zote 0.05 haiingii. Katikati, kati ya 2 na 3, 0.05 inapita na 0.08 inakwama. Kemshafti zinazunguka vizuri. Kupimwa ufa imepita. Vishimo viko nje ya mstari wa gasketi. Je, niskimu kiasi gani? Na bloku nayo niifanyeje?

---

mkereza_gerezani

Umevuka kikomo, hivyo ni mashine. Mwambie aondoe kinachotosha kusafisha uso tu. Kwa pengo lako mm 0.10 itatosha, na asivuke 0.15 bila kukuambia. Sababu za kubana kiasi: ukiondoa uso, kemshafti zinasogea karibu na kranki, cheni inalegea kidogo na taiming inachelewa kidogo, na mgandamizo unapanda. Mm 0.10 haisumbui. Ila mwombe akuandikie alichoondoa, ili mtu wa baadaye asianze upya.

Muhimu kuliko kina ni ulaini. Kwa gasketi ya tabaka za chuma uso unatakiwa uwe na Ra (kipimo cha mikwaruzo ya uso) ya chini ya mikromita 1.3. Ukipitisha ukucha usihisi mistari ya kisu. Mashine nyingi za kuskimu mtaani ziliwekwa kwa ajili ya gasketi za zamani zilizopenda uso wenye mikwaruzo. Mwonyeshe gasketi yako kabla hajawasha. Na asiipige hedi kwenye jiwe la kusagia la mkono wala kwenye kioo chenye msasa. Mkono unaegemea kingo, hedi inatoka na mgongo.

Ikirudi kutoka mashine ioshe upya yote, njia za oili pia. Vipande vya kuskimu ni vyembamba kama nywele na vimejaa kila tundu.

---

mzee_wa_spana

Bloku. Nayo ni alumini yenye mitungi myembamba ya chuma, na njia ya maji iko wazi juu kuzunguka mitungi, kwa hiyo uso wa kubana ni mdogo. Ipime kwa rula ile ile, kikomo ni hicho hicho 0.05, na angalia kwa kidole kama kuna mtungi uliozama chini ya uso wa bloku.

Usafi wake ni dawa na plastiki tu, hakuna cha kusugua kwa nguvu. Zungusha pistoni zote zikae katikati, paka duara la grisi pale pistoni inapokutana na mtungi, jaza vitambaa. Takataka zinanata kwenye grisi, ukimaliza unafuta grisi nazo zinatoka. Upenyo wa cheni mbele uzibe kwa kitambaa kikubwa ambacho mkia wake unaning'inia nje ili usisahaulike. Tumia mashine ya kunyonya vumbi badala ya kupuliza, ukipuliza unazisukuma ndani.

Matundu ya boliti kumi hayana njia ya kutokea chini. Maji au oili yakibaki ndani, boliti inayashindilia: ama bloku inapasuka, ama spana ya toki inasoma 29 Nm inayotakiwa wakati hedi haijabanwa. Nyonya kwa sindano kubwa ya plastiki, sokota kitambaa kwenye bisibisi nyembamba ufute mpaka chini, kisha hewa kidogo huku umefunika kwa kitambaa na umevaa miwani. Nyuzi zisafishe kwa boliti ya zamani uliyoichana mfereji mmoja kwa msumeno, ukiizungusha kwa mkono. Tapu ya kukata nyuzi inaondoa alumini, usiitumie.

---

probox_254

Nimeelewa kuhusu kostiki, shukrani. Swali la mwisho kutoka kwangu: mnapaka silikoni kwenye gasketi ya hedi? Wengi huku wanapaka pande zote mbili, wengine rangi ya fedha ya kupuliza.

---

dada_fundi_tanga

Hapana. Gasketi ya tabaka za chuma ina ngozi yake ya mpira kiwandani. Silikoni inaizuia kukaa, inaminywa na kuingia kwenye njia za maji na oili, na inaifanya hedi ikae juu ya utelezi. Silikoni ina mahali pake kwenye injini hii: pale kifuniko cha cheni kinapokutana na hedi na bloku. Paka hapo, funga kipande ndani ya dakika 3, na usiweke oili kabla haijakauka kwa muda ulioandikwa kwenye tyubu.

Dizeli uliyooshea nayo inaacha utando. Kwa hiyo mwisho kabisa, uso wa hedi na wa bloku futa kwa asetoni na karatasi nyeupe, karatasi mpya kila mpito, mpaka itoke bila alama. Baada ya hapo usiguse uso kwa vidole. Toa viziba vyote, hesabu yako itimie. Gasketi inalala kavu, namba ya toleo ikitazama juu, ikiongozwa na pini mbili za bloku. Hedi shusheni watu wawili, moja kwa moja chini. Ikiburutwa hata sentimita moja, pini inachora uso ulioulipia.

---

mzee_wa_spana

Boliti: oili nyepesi kwenye nyuzi na chini ya kichwa, tone, si kuzichovya, la sivyo unarudisha tatizo la tundu kujaa. Washa (pete bapa) za boliti zisisahaulike kwenye meza. Anza katikati ukienda nje kwa mzunguko, zote 10 kwa 29 Nm, na uzifikie kwa mipito miwili au mitatu. Kisha weka alama ya rangi upande wa mbele wa kila kichwa cha boliti, zungusha nyuzi 90 kwa mpangilio ule ule, halafu nyuzi 90 nyingine. Alama zote zinatakiwa ziishie zikitazama nyuma. Boliti inayozunguka kwa wepesi kuliko wenzake katika zile 90 ni dalili ya nyuzi za bloku kutoka. Simama hapo hapo, usiimalizie.

Umesaga valvu, kwa hiyo nafasi zimebadilika hata kama tapeti zimerudi mahali pake. Valvu iliyosagwa inapanda kuelekea kemshafti, nafasi inapungua, na valvu ya kutoa isiyo na nafasi huungua ukingo. Pima injini ikiwa baridi: kuingiza mm 0.15 hadi 0.25, kutoa mm 0.25 hadi 0.35.

Kabla ya kuwasha, oili mpya na filta mpya. Plagi na koili ziwe nje, fyuzi ya EFI (mfumo wa kupuliza petroli) imetolewa, piga stata kwa sekunde 10, pumzisha, rudia mpaka taa ya oili izime. Hapo oili imefika juu. Jaza kulanti, si maji, huku hita ya ndani ikiwa imefunguliwa kwenye moto kabisa, na uache kifuniko wazi mpaka mapovu ya hewa yaishe na termostati ifunguke. Ukiwa na geji ya kompresheni, tofauti kati ya silinda isizidi baa 1.

Ikishapata moto na kupoa, mwaga oili hiyo na filta yake, hata kama inaonekana safi. Imebeba mabaki ya uji wa maji na oili uliokuwa chini ya kateri. Weka oili nzuri, kisha badilisha tena kwenye kilomita 500. Kata filta ya pili kwa msumeno ufungue karatasi yake kwenye jua: ukiona vumbi linalometameta, usiendelee kuendesha, fungua kateri uangalie beringi.

---

kijana_wa_ist

Nimewaelewa. Hedi inakwenda mashine kesho asubuhi, na gasketi naibeba pamoja nayo. Fundi wa grainda nimemsomea maelezo yote, amekubali tutumie dawa na plastiki kwenye bloku. Swali dogo: dawa ya kuyeyusha gasketi ikidondoka kwenye mpira wa sili za mbele, inaharibu?

---

dada_fundi_tanga

Inavimbisha mpira na kutoa rangi. Funika sili ya kranki kwa mfuko wa plastiki na utepe kabla ya kupulizia, na ikidondoka ifute mara moja kwa kitambaa chenye maji ya sabuni. Kama ilishakaa na mdomo wa sili umelainika, badilisha sasa kabla kifuniko cha cheni hakijafungwa.